Daktari Niliyemrudia

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na bila chembe ya shaka, kwamba kizazi cha mwanamke kina haya. Daktari akikitazama mara ya kwanza, hewala, kinavumilia. Lakini daktari yule yule akikitazama mara ya pili, kinamtambua. Kinajikunja kama kobe, kinafunga mlango, na hakifungui tena kwa mume wala kwa mtoto. Ushahidi ulikuwepo. Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani alimrudia daktari mmoja mpaka wakazoeana, na kizazi chake kikapanda kwa hasira hadi chini ya moyo. Ukikaa naye karibu wakati wa kula, ulikisikia kikikohoa.

Msomi atacheka. Na mimi ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, pale Bagamoyo mjini, nikiwa tayari mke wa mtu na vidole vinanuka mwani. Kwenye mtihani wa bayolojia nilichora kizazi kizuri kuliko cha kwenye kitabu, nikaweka mishale yote na majina yote, nusura mwalimu akitie fremu akitundike ukutani. Lakini kile kilikuwa kizazi cha mtihani. Changu kilikuwa kizazi cha Mlingotini, kijijini kwetu, nacho kilikuwa na haya.

Aliyenifundisha ni somo yangu, Bi Tausi. Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa mwanamke mzima asiye mama yake, amfunde usafi, adabu na mambo ya ndani. Huyo ndiye somo. Mama unaweza kumbishia ukasamehewa. Somo humbishii. Basi sisi wasichana wote tuliopita mikononi mwa Bi Tausi tulikua tukijua kwamba mwanamke mwenye akili ni yule ambaye hakuna daktari anayemkumbuka. Ukiumwa, unatibiwa Kerege. Ukiumwa tena, unatafuta kwingine. Tulikuwa tunazungusha maradhi yetu kama watu wanaozungusha mchezo wa upatu, kila safari nyumba nyingine.

Kabla sijaumwa nilikuwa na nguvu za kutisha. Mume wangu Shabani ni fundi wa kuezeka makuti, mtu wa kupanda mapaa, lakini mtungi wa gesi nilikuwa nabeba mimi. Bamvua ikifika, maji yakapwa mpaka mbali, wanawake tulikuwa tunaingia baharini mpaka mapajani, tunafunga vikonyo vya mwani kwenye kamba, na mimi nilikuwa nafunga huku naimba huku nasimulia habari za watu, na bado namaliza kwanza. Gunia la mwani mbichi, ambalo wenzangu waliliburuta, mimi nililiweka kichwani nikasahau kama lipo. Huenda naongeza kidogo. Lakini si sana.

Ugonjwa ulianza kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Siku zangu, ambazo zilikuwa chache na zenye adabu, zikaanza kurefuka. Zikaingia wiki ya pili. Damu ikatoka na mabonge mazito kama maini ya kuku, na tumbo la chini likawa gumu, nikilala chali naligusa kama nagusa kifuu cha nazi. Kanga zikawa hazitoshi. Nilikuwa nikisimama ndani ya maji nafunga mwani, naisikia ikitoka, vuguvugu, ndani ya ubaridi wa bahari, kisha inapotea. Baharini hakuna doa. Ndiyo maana nilikawia kuogopa.

Nikaanza mzunguko wangu. Muuza duka la dawa alinipa vidonge vya kukata damu. Mtabibu mmoja wa Kerege alisema ni homoni, akanichoma sindano, damu ikakatika, nikamshukuru, na damu iliporudi sikumrudia. Nilikwenda kwa ndugu zangu Miono, nikatibiwa huko mchango na mikojo michafu. Nilifika hadi Ubena kwa sababu tu nilisikia kuna mashine mpya ya ultrasaundi na mtu anayeiendesha hajawahi kuniona. Huyo aliniambia nina uvimbe kwenye kizazi, mdogo, niende nao taratibu. Mwingine, baadaye, alisema uvimbe ni mkubwa. Mwingine alisema ni mimba iliyoharibika. Na kweli niliwahi kuharibu mimba mwaka mmoja kabla, lakini sikumwambia, maana niliona haimhusu mtu ambaye sitaonana naye tena.

Kila mmoja alinikuta mpya, na mimi nilitembea na upya wangu kama bibi harusi.

Wakati huo dunia ikaanza kuwa nyeupe. Sijui niieleze vipi. Damu ikipungua mwilini, watu husema unachoka. Mimi nilielea. Nikitembea njiani nilikuwa naona miguu yangu iko chini sana, mbali, inafanya mambo yake. Sauti za watu zilinifikia baadaye kidogo, baada ya midomo kufungwa. Mashamba ya chumvi yaliyo karibu nasi yalikuwa yaking'aa mpaka mwangaza unaingia nyumbani kwangu na kukaa kwenye mkeka, na mimi nilikuwa nausogezea mto. Nikawa nakula udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, na nikiukosa nilipekecha ukuta. Shabani aliwahi kunikuta nimekaa kwenye kona, nakula nyumba yetu polepole, nimefumba macho kwa utamu.

Mapigo ya moyo nikawa nayasikia masikioni nikilala, dum, dum, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Nikawa najiuliza ni nani huyo asiyechoka.

Shabani akanipeleka Dar es Salaam, kwenye kliniki moja yenye viyoyozi na samaki ndani ya kioo. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Aliniangalia, akaandika, akasema kizazi kitolewe, na ifanyike wiki ile ile. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nilipomwambia sina, akasema maisha yangu ni bora zaidi. Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Njia nzima ya kurudi nilijishika tumbo, nikawa nazungumza na kizazi changu kimoyomoyo, nakiambia kitulie, hawajakichukua.

Shabani ndiye aliyeleta habari za Daktari Hilali. Alikuwa anaezeka mgahawa kando ya barabara, karibu na Kerege, na mama mmoja wa jikoni hapo akamwambia habari za mzee huyu, bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliyestaafu kazi ya serikali na sasa anaona wagonjwa kwenye kituo kimoja cha afya. Mama yule alimlalamikia sana. Alisema mzee anauliza maswali mpaka unasahau kilichokuleta. Anakuuliza hedhi ya kwanza, mimba, dawa, mama yako, na ukitaka kuondoka anakumbuka jingine.

"Anachosha," Shabani aliniambia, akivua viatu. "Huyo ndiye tunayemtaka."

Daktari Hilali alikuwa mrefu, mwembamba, mvi zake nyeupe kama chumvi niliyokuwa naiona kila mahali. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa utaratibu, akaniuliza hali ya nyumbani kabla ya hali ya tumbo. Ndani alikuwepo nesi, mama wa makamo, ambaye hakutoka hata dakika moja. Alisimama upande wa kichwa changu, na daktari kila alipotaka kunigusa alisema kwanza atagusa wapi na kwa nini, na kwamba nikimwambia aache ataacha. Nilishangaa. Huko nilikopita nilikuwa napanda kitandani kama kifurushi.

Mimi mwenyewe nilifumba macho kwa nguvu. Nilidhani nisipomtazama, kizazi nacho hakitamtazama.

Kisha akaniuliza ni nani na nani wamenitibu. Nikahesabu kwa vidole, mkono ukaisha, nikaingia wa pili. Akauliza kila mmoja aliona nini. Sikujua. Akauliza uvimbe ulikuwa na ukubwa gani mwaka jana. Sikujua. Akaweka kalamu chini. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba uvimbe uko zaidi ya mmoja, na ulio mbaya umejibana ndani, ndio unaomwaga damu. Akasema kizazi hakina sababu ya kutolewa leo, kwanza tupandishe damu kwa dawa na chakula, halafu anione tena baada ya wiki sita.

"Bi Siwema," alisema, "nikikuona mara moja, nakisia. Nikikuona mara mbili, najua."

Mara mbili. Alilitamka hilo kwa upole, kama mtu anayekupa maji, na mimi nikavuta kanga yangu kufunika tumbo. Nikamwambia inshallah. Mnazijua inshallah zetu. Ile haikuwa ya kuja.

Sikwenda. Vidonge vyake nilimeza, na kwa siku kadhaa nikaona rangi zimerudi kwenye vitu. Wiki sita zikafika, zikapita. Shabani aliuliza, nikasema nimepona. Aliuliza tena, nikasema kuna bamvua, mwani utaoza. Ukweli sikumpa, maana mambo ya somo hayasemwi kwa mume, na mimi ningemwambia nini? Kwamba namwogopea daktari asije akazoeana na kizazi changu?

Siku niliyoanguka ilikuwa asubuhi, maji yamepwa mpaka mbali. Tulikuwa tumeinama kwenye kamba zetu. Nikaona bahari inapanda bila kelele, inakuwa sawa na mbingu, na mstari wa kati unafutika kama umefutwa kwa kiganja. Nikasema, tazameni, wamefuta mstari. Wenzangu wanasema sikusema kitu. Nikaona mwani wangu unaelea hewani, kijani na zambarau, kila kikonyo kimewaka taa ndogo, na mimi napita chini yake nimelala. Palikuwa pazuri. Nakuambieni ukweli mtupu, hapo sikutia chumvi: palikuwa pazuri, na sikutaka kutoka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Wanawake wenzangu walinitoa majini wakanilaza kwenye turubai la kuanikia mwani, wakalibeba pembe nne. Maji waliyonitoa, wanasema, yalikuwa mekundu kunizunguka. Safari hii bahari haikuficha.

Nilipopata fahamu nilikuwa ukumbini kwangu. Bi Tausi alikuwa ameshika nyayo zangu, anazisugua. Shabani alikuwa amesimama mlangoni na makuti bado yamemng'ang'ania kwenye shati. Gari limepatikana, akasema, na kuna hospitali ya karibu zaidi, na kuna daktari mwingine mpya mjini, anayesifiwa. Aliniuliza nataka wapi.

Nililala pale nikawaza, na kuwaza kwenyewe kulikuwa kama kutembea ndani ya pamba. Kizazi kikifunga mlango, nitabaki mimi. Nikifunga mimi macho, hicho kizazi kitabaki na nani? Nimekilinda miaka yote, nimekizungusha nusu ya mkoa wa Pwani kisizoeane na mtu, na sasa ndicho kinanimwaga chini kidogo kidogo. Na katika wote walionigusa, mtu mmoja tu ndiye aliyesema anataka kujua.

"Somo," nilimwambia Bi Tausi, "namrudia yule."

Nilidhani atanizuia. Aliinuka, akafungua sanduku langu, akatoa kanga mpya, akanifunga yeye mwenyewe kiunoni, kwa fundo lile la siku aliyonitoa ndani nikiwa mwali.

Daktari Hilali alipigiwa simu, akatukuta hospitali ya mjini alikokuwa akifanya upasuaji. Damu yangu ilikuwa nne, na ya mwanamke mzima huanzia kumi na mbili. Nesi alipolitaja hilo, Shabani alikaa sakafuni. Kabla ya kunipasua ilibidi waniongezee damu ya watu nisiowajua, na usingizi wangu ukajaa vitu vya wengine. Niliota nalima. Mimi sijawahi kulima maishani, jembe nalijua kwa jina. Lakini niliota shamba la mahindi, jua la nyuma ya shingo, na ng'ombe mmoja mwenye madoa ambaye nilimpenda kwa dhati. Mpaka leo naamini chupa mojawapo ilitoka kwa mkulima wa Miono. Kama unasoma, ndugu yangu, damu yako ilifika salama, na yule ng'ombe nisalimie.

Upasuaji nilifanyiwa kwa ganzi ya mgongoni. Walipitisha kitambaa cha kijani kifuani, nikawa upande mmoja na tumbo langu upande wa pili, kama majirani waliotengwa kwa ua. Nilisikia vyuma vikigongana taratibu. Nilisikia Daktari Hilali akiomba vitu kwa sauti ya mtu anayeomba kupitishiwa chai. Nilihisi kuvutwa, bila maumivu, kama mtu anapekua mkoba wangu anatafuta kitu na hataki kuvuruga. Yule nesi mama wa makamo alikuwa kichwani kwangu tena, mkono wake kwenye shavu. Taa ya juu ilikuwa na macho mengi na yote yalinitazama, na kwa mara ya kwanza sikufumba yangu.

Sijui ulipita muda gani. Daktari akachungulia juu ya kitambaa.

"Kipo," alisema. "Nimetoa uvimbe, kizazi kipo."

Nililia mpaka machozi yakaingia masikioni, na ganzi haikuniruhusu hata kutetemeka vizuri.

Sitaki mtu afikiri baada ya hapo niliruka kitandani. Kidonda kiliuma. Kucheka kulikuwa adhabu, na mimi ni mtu wa kucheka, basi Shabani alikatazwa kuzungumza. Kwa siku za mwanzo wodi nzima ilikuwa ikingoja nitoe upepo, maana bila hivyo sipewi chakula. Nesi aliuliza asubuhi, akauliza jioni, mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kuniombea dua. Ulipotoka, alhamdulillahi, ulitoka kwa heshima zote, na nikaletewa uji. Sijapata kula pilau tamu la harusi kama uji ule.

Nilirudi kwa Daktari Hilali wiki ya pili akatazama kidonda. Nilirudi baada ya miezi mitatu. Sasa nakwenda kila nusu mwaka, kwa sababu aliniambia wazi kwamba uvimbe huu una tabia ya kurudi, na kwamba hawezi kuniahidi hautarudi, anachoweza kuniahidi ni kwamba ukirudi tutauona ungali mdogo. Na umerudi, mmoja, kama punje ya choroko. Anaujua. Ameupima mara tatu, anasema umelala. Nikiingia chumbani anauliza habari zake kama anavyouliza habari za Shabani.

Mtaniuliza kama nimezaa. Bado. Nilishika mimba mwaka jana, ikafika majuma machache, ikaondoka. Nilikwenda kwa mtu anayejua yote yaliyotangulia, sikuhitaji kueleza kitu, nilikaa tu kwenye kiti nikalia, na yeye akasubiri. Kisha akaniambia nini cha kufanya na nini cha kungoja. Tunangoja. Nimerudi kwenye mwani, gunia nalisikia sasa uzito wake, lakini nabeba.

Ninamshukuru Mungu kwanza. Ninawashukuru wenye turubai, na Shabani aliyetaka mtu wa kuchosha. Na kwenu dada zangu mnaozungusha tumbo kama nilivyozungusha mimi, tafuteni daktari mmoja wa wanawake aliyeshika kazi hii miaka mingi, mkae naye. Mtamjua kwa maswali yake. Mtamjua kwa sababu hataki kubaki peke yake na wewe chumbani, na kabla ya mkono wake yanatangulia maneno yake. Akisema bado sijui, rudi nikutazame tena, usimkimbie. Huyo anakutaka hai. Na mambo yako ya nyuma mwambie yote, hata mimba iliyoharibika, hata udongo wa ukutani.

Mwezi uliopita Bi Tausi aliomba tufuatane. Amezeeka, anatembea kwa kunishika. Nilidhani atabaki kwenye benchi, lakini akaniuliza kama anaweza kuingia, na daktari akamwamkia shikamoo, akamwekea kiti. Alimtazama nesi aliyesimama kichwani kwangu. Alisikiliza daktari akisema, Bi Siwema, sasa nagusa hapa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa ufunguo, na nilimwona akiutazama sana.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi tukingoja Shabani. Nikamuuliza, kwa mzaha, kama amekisikia kizazi changu kikikohoa. Hakucheka. Alishika ncha ya kanga yake akawa anaikunja.

"Kizazi hakina haya, mwanangu," alisema. "Palikuwa na bwana mmoja wa dawa, zamani, sisi tungali wasichana. Alikuwa anatupima peke yake, mlango kaufunga. Mara ya kwanza alikuwa na adabu. Ukirudi mara ya pili, mikono yake haikuwa ya dawa tena. Tuliogopa kumtaja yeye, basi tukawa tunaambiana msirudi, tukakisingizia kizazi."

Nikamuuliza yuko wapi mtu huyo.

"Alikufa," alisema Bi Tausi. "Alikufa wewe hujazaliwa."